Fahamu Zinapojitenga: Dalili, Vyanzo na Njia Salama ya Kutafuta Tiba

Miongoni mwa dalili za afya ya akili zinazowasumbua watu wengi bila kupatiwa jina ni zile zinazohusu fahamu kujitenga. Mwenye dalili hizo husema kwamba anajiona kama yuko mbali na mwili wake, kwamba dunia imekuwa kama picha iliyo nyuma ya kioo, au kwamba saa kadhaa za siku zimepotea asizikumbuke. Wapo wanaoanguka na kutikisika ilhali vipimo havionyeshi kifafa. Wapo wanaozungumza kwa sauti isiyo yao. Jamii ina majina yake kwa hali hizi: amepandisha, ameingiliwa, akili imeruka, anajifanya. Kila jina humpeleka mgonjwa mahali tofauti, na kila mahali pana gharama yake.

Makala haya yameandaliwa ili kumwezesha mtumiaji wa huduma za afya, pamoja na familia yake, kufahamu mambo matatu: dalili hizi ni nini; zinahusiana vipi na maradhi mengine ya akili na ya mwili; na namna ya kutafuta tiba bila kupoteza fedha, muda wala utu wa mgonjwa. Jambo la msingi la kushika ni kwamba dalili za mtengano wa fahamu ni za kweli, zinatibika, na mara nyingi ni ishara ya tatizo lingine lililo nyuma yake. Kwa sababu hiyo, hatua ya kwanza si kuuliza ni nani aliyemtupia mgonjwa, bali ni kumfikisha kwenye kituo cha kutolea huduma za afya ili apimwe.

Mtengano wa fahamu ni nini?

Katika hali ya kawaida, kumbukumbu, hisia, mawazo, mwendo wa mwili na utambuzi wa nafsi hufanya kazi kwa pamoja, kama nyuzi zilizosokotwa katika kamba moja. Mtu anapokunywa chai anajua kuwa ni yeye anayekunywa, anahisi joto la kikombe, na baadaye anakumbuka kwamba alikunywa. Mtengano wa fahamu hutokea pale nyuzi hizo zinapoachana kwa muda. Mkono unasogea lakini mwenyewe anahisi si wake. Tukio limepita lakini kumbukumbu yake haipatikani. Macho yanaona lakini kinachoonekana hakina ladha ya ukweli.

Kiasi kidogo cha hali hii humpata kila mtu. Abiria wa daladala aliyezama katika mawazo hadi akapitilizwa kituo chake, au msomaji aliyemaliza ukurasa mzima asijue amesoma nini, wote wameonja mtengano mdogo wa fahamu. Vivyo hivyo, baada ya ajali, msiba au kukesha kwa muda mrefu, watu wengi huhisi kwa dakika au saa chache kwamba mambo yanayowazunguka si halisi. Hayo si maradhi wala hayahitaji dawa.

Hali hiyo huwa tatizo la kiafya inapojirudia au kudumu, inapomletea mhusika hofu na mateso, au inapomzuia kufanya kazi, kusoma, kulea watoto na kuishi na wenzake. Wataalamu wamekuwa wakiichunguza kwa zaidi ya karne moja. Nchini Ufaransa, Pierre Janet alichapisha mwaka 1889 kitabu kilichochunguza namna sehemu ya mawazo na kumbukumbu inavyoweza kujitenga na fahamu za kawaida, hasa baada ya matukio ya kutisha. Leo Shirika la Afya Duniani limeyaweka maradhi haya katika kundi lake maalumu ndani ya Uainishaji wa Kimataifa wa Magonjwa, toleo la 11, ulioanza kutumika rasmi tarehe 1 Januari 2022.

Sura kuu za dalili

Dalili za mtengano wa fahamu hazifanani kwa watu wote. Zifuatazo ndizo sura zake kuu:

1. Kujihisi mgeni kwa nafsi yako. Mhusika hujiona kama anajitazama kutoka nje ya mwili, au husikia sauti yake ikitoka kama ya mtu mwingine. Hisia za furaha na huzuni huwa kama zimekufa ganzi.

2. Kuona dunia si halisi. Nyumba, barabara na hata nyuso za ndugu huonekana kama za ndotoni. Mhusika anajua kwamba hiyo ni hisia tu na kwamba dunia haijabadilika, lakini hawezi kuiondoa hisia hiyo kwa kutaka.

3. Usahaulifu usio wa kawaida. Mtu husahau tukio zima, siku nzima, au kipindi fulani cha maisha, hasa kilichokuwa na maumivu. Usahaulifu huu ni zaidi ya ule wa kusahau funguo au jina la mtu.

4. Dalili za mwili. Mtu huanguka na kutikisika, hupooza mguu au mkono, hupoteza sauti au kuona, ilhali uchunguzi hauonyeshi ugonjwa wa neva unaoweza kueleza hali hiyo. Hafanyi hivyo kwa makusudi.

5. Kuzama au kupagawa. Fahamu hufifia na mhusika hujibu kidogo au hajibu kabisa; au hutenda na kusema kana kwamba ametawaliwa na nafsi nyingine, roho au pepo, na akizinduka hakumbuki kilichotokea.

6. Nafsi iliyogawanyika. Mtu huwa na hali mbili au zaidi za utambulisho, kila moja ikiwa na namna yake ya kuhisi na kutenda, na kati yake kuna mapengo ya kumbukumbu. Sura hii ni nadra kuliko nyingine.

Ni muhimu kutofautisha dalili hizi na skizofrenia. Mgonjwa wa skizofrenia anaweza kuamini kabisa jambo lisilo la kweli, kwa mfano kwamba majirani wameweka mitambo ndani ya kichwa chake. Mwenye kuona dunia si halisi kwa kawaida husema, "Ninahisi kama," na si, "Ninajua kwamba." Tofauti hii humsaidia daktari kuchagua tiba, kwa hiyo mgonjwa anashauriwa kueleza hisia zake kwa maneno yake mwenyewe bila kuzipunguza wala kuziongeza.

Kwa nini hutokea, na zinahusiana vipi na afya ya akili?

Kwa wengi, mtengano wa fahamu huanza kama kinga. Fyuzi hukatika umeme unapozidi ili nyumba isiungue. Ubongo nao hupunguza hisia au huweka kumbukumbu kando pale hofu inapozidi uwezo wa mtu kuibeba. Mtoto anayepigwa au kudhalilishwa nyumbani hawezi kukimbia wala kupigana. Njia pekee iliyobaki kwake ni kuondoka kwa fahamu huku mwili ukibaki. Tatizo ni kwamba kinga hiyo inaweza kuwa mazoea na kuendelea kujiwasha miaka mingi baada ya hatari kupita, hata kwa kelele ya mlango, harufu au maneno makali ya mwajiri.

Kutokana na chanzo hicho, dalili za mtengano huambatana mara kwa mara na matatizo yafuatayo:

Maradhi ya kiwewe. Haya huwapata baadhi ya watu walionusurika ajali, ukatili, ubakaji, vita au maafa. Tafiti za afya ya akili zilizofanyika katika nchi 16 chini ya mpango wa Shirika la Afya Duniani, ambazo matokeo yake kuhusu jambo hili yalichapishwa mwaka 2013, zilionyesha kuwa takriban watu 14 katika kila 100 wenye maradhi ya kiwewe walikuwa pia na dalili za mtengano wa fahamu. Hao ndio waliokuwa wamepitia magumu mengi zaidi utotoni, na ndio waliokuwa na mawazo mengi zaidi ya kujiua. Dalili hizi, basi, si za kupuuzwa.

Wasiwasi uliokithiri na hofu ya ghafla. Moyo hupiga mbio, pumzi hukatika, na ghafla dunia huonekana ngeni. Mgonjwa hudhani anakufa au anarukwa na akili, na hofu hiyo huiongeza hali yenyewe.

Sonona. Mgonjwa anaweza kusema kwamba hahisi chochote, si kilio wala kicheko, kana kwamba yupo nyuma ya pazia.

Kukosa usingizi na matumizi ya vilevi. Bangi, pombe na baadhi ya dawa za kulevya zinaweza kuanzisha au kuchochea hisia ya kujitenga, na kwa baadhi ya watu hisia hiyo hubaki hata baada ya kilevi kuisha mwilini.

Uhusiano huu umeonekana pia Afrika Mashariki. Utafiti uliofanyika kusini-magharibi mwa Uganda na kuchapishwa mwaka 2010 uliwalinganisha watu 119 waliokuwa na tatizo la kupagawa, waliokuwa wakihudumiwa na waganga wa jadi, na watu 71 wasio na tatizo hilo. Waliopagawa walieleza matukio mengi zaidi ya kiwewe katika maisha yao, na walikuwa na dalili nyingi zaidi za mtengano wa fahamu. Kwa maneno mengine, pale ambapo familia iliona pepo, mara nyingi palikuwa pia na maumivu ambayo mgonjwa hakupata mahali pa kuyasemea.

Hata hivyo, si kila mwenye dalili hizi alidhulumiwa. Ni makosa kumlazimisha mgonjwa atafute dhuluma katika utoto wake, au kuwatuhumu wazazi kwa sababu tu mtoto wao ana dalili.

Imani, desturi na ugonjwa

Watu wengi hujiuliza iwapo wataalamu wa afya huona kila kupandisha ni ugonjwa. Sivyo. Uainishaji wa Shirika la Afya Duniani unaeleza kwamba hali ya kuzama au kupagawa inayokubalika kama sehemu ya desturi au ibada ya jamii haihesabiwi kuwa maradhi. Huhesabiwa kuwa maradhi pale inapokuja bila hiari ya mtu, inapomtesa, au inapovuruga maisha yake. Anayepandisha katika ngoma na kurudi kwenye shughuli zake kesho yake hana sababu ya kupewa dawa. Binti anayeanguka kila anapoelekea shuleni, na ambaye ameacha kula, anahitaji kuonwa na mtaalamu.

Vilevile, dua na sala zinaweza kumpa mgonjwa faraja na kumrudisha katika jamii yake. Hakuna mgongano kati ya sala na hospitali. Kisichokubalika ni sala au uganga kuchukua nafasi ya vipimo, na mgonjwa kuumizwa kwa jina la tiba.

Ipo pia hali jirani ambayo hulikumba kundi zima, hasa shuleni. Mfano unaojulikana zaidi ulitokea hapa Tanganyika. Tarehe 30 Januari 1962, katika shule ya bweni ya wasichana ya Kashasha, karibu na Bukoba, wanafunzi 3 walianza kucheka bila kujizuia. Hali hiyo ilienea hadi ikawapata wanafunzi 95 kati ya 159, na shule ikafungwa tarehe 18 Machi. Wasichana waliporudishwa makwao, hali hiyo ilijitokeza pia katika baadhi ya vijiji vyao. Madaktari waliochunguza hawakupata sumu katika chakula wala ambukizo lolote lililoweza kuieleza. Walioguswa hawakuwa wakiigiza, wala hawakuwa vichaa. Mkazo wa pamoja hutafuta njia ya kutokea, na hupita kutoka kwa mtu hadi mtu kwa kuonana na kusikiana.

Somo kwa wazazi na walimu ni la vitendo. Wanafunzi wanapoanguka kwa wingi, walioguswa watenganishwe kwa upole na umati, wahudumiwe mahali tulivu, na mtaalamu wa afya aitwe ili kuhakikisha kwamba hakuna sumu wala ugonjwa wa kuambukiza. Baada ya hapo, uongozi uchunguze kinachowalemea: adhabu, hofu ya mitihani, njaa au unyanyasaji. Maombezi ya hadhara yanayokusanya umati huweza kuongeza idadi ya wanaoanguka.

Maradhi ya mwili yanayofanana na hali hii

Sehemu hii ni muhimu kuliko zote, kwa sababu kosa hapa linaweza kugharimu uhai. Kabla ya kukubali kwamba tatizo ni mtengano wa fahamu, maradhi yafuatayo yanapaswa kuchunguzwa:

- Kifafa. Kwa macho pekee, degedege la kifafa na lile linalotokana na mtengano wa fahamu linaweza kufanana sana. Daktari hutumia maelezo ya walioshuhudia na, inapowezekana, kipimo cha umeme wa ubongo. Kipimo kimoja kinapoonekana cha kawaida, hicho pekee hakitoshi kukanusha kifafa. Aidha, mtu mmoja anaweza kuwa na hali zote mbili.
- Malaria kali, homa ya uti wa mgongo na maambukizi mengine ya ubongo. Mtoto mwenye homa anayeweweseka au kupata degedege ni wa kukimbizwa hospitali saa hiyo hiyo.
- Sukari kushuka au kupanda kupita kiasi, hasa kwa mwenye kisukari.
- Jeraha la kichwa, kiharusi na uvimbe kwenye ubongo.
- Kifafa cha mimba, kwa mjamzito au mama aliyejifungua karibuni.
- Athari za dawa, pombe au vilevi vingine, au kuacha pombe ghafla baada ya kuinywa kwa muda mrefu.

Mgonjwa ambaye tayari anatumia dawa za kifafa, kwa mfano fenobabitoni au kabamazepini, asiziache kwa sababu ameambiwa kwamba tatizo lake ni pepo au ni mawazo. Kuziacha ghafla kunaweza kuleta degedege lisilokoma, ambalo huua. Kwa upande mwingine, dawa hizo haziondoi degedege linalotokana na mtengano wa fahamu. Kwa hiyo mgonjwa ambaye dozi yake imeongezwa mara kadhaa bila nafuu ana haki ya kuomba uchunguzi upya.

Afanyiwe nini anayepatwa?

Iwapo mtu ameanguka na kutikisika, mchukulie kama mwenye kifafa hadi daktari aseme vinginevyo:

- Ondoa vitu vyenye ncha, moto na maji karibu naye. Weka kitu laini chini ya kichwa.
- Mtikisiko ukipungua, mlaze kwa ubavu ili mate yatoke.
- Angalia saa. Muda uliopita ni taarifa ambayo daktari ataihitaji.
- Usimtie kijiko, kidole wala kitu chochote mdomoni. Usimkandamize, usimnyweshe kitu, usimfukize moshi.
- Mpeleke hospitali mara moja ikiwa mtikisiko unapita dakika 5, unarudi kabla hajazinduka, ni wa kwanza maishani, au ikiwa ana homa, ujauzito, kisukari au amejiumiza.

Iwapo mtu yuko macho lakini anahisi amejitenga, msaidie kurudi taratibu. Mwite kwa jina, mwambie alipo na siku ya leo, na kwamba yuko salama. Mwombe akanyage chini kwa nguvu, ashike kitu cha baridi, kisha ataje vitu 5 anavyoviona, 4 anavyovigusa, sauti 3 anazozisikia, harufu 2 na ladha 1. Usimshike bila ruhusa yake, kwa kuwa mguso wa ghafla unaweza kumkumbusha kilichomuumiza. Usimzomee wala kumrekodi kwa simu kwa ajili ya mitandao. Picha ikichukuliwa, iwe ni kwa ajili ya daktari tu, na mgonjwa aombwe ridhaa akizinduka.

Tiba ipi, na ipatikane wapi?

Anzia kwenye zahanati, kituo cha afya au hospitali ya wilaya iliyo karibu. Eleza dalili zote, pamoja na usingizi, vilevi na dawa unazotumia, zikiwemo za mitishamba. Ikihitajika, omba rufaa. Hospitali za rufaa za mikoa, Muhimbili mjini Dar es Salaam, Mirembe mjini Dodoma na Kidongo Chekundu mjini Zanzibar ni miongoni mwa mahali penye huduma za afya ya akili. Kwa wasomaji walio nchi jirani, Mathari mjini Nairobi na Butabika mjini Kampala zinatoa huduma kama hizo.

Tiba kuu ya mtengano wa fahamu ni tiba ya mazungumzo inayotolewa na mtaalamu aliyefunzwa. Kwa kawaida huenda kwa hatua. Kwanza mgonjwa husaidiwa kuwa salama na kujifunza kuzituliza dalili. Baadaye, akiwa tayari, huzungumza kuhusu yaliyompata. Mwisho hurudi katika kazi, masomo na mahusiano. Mpangilio huo una sababu yake. Kumfanya mgonjwa asimulie kiwewe chote siku ya kwanza kunaweza kuzidisha dalili. Wapo wanaopata nafuu kwa wiki chache baada tu ya kuelezwa hali yao kwa usahihi. Wengine huhitaji miezi au miaka.

Hakuna dawa iliyothibitishwa kuutibu mtengano wa fahamu wenyewe. Dawa zinaweza kutolewa kwa ajili ya sonona, wasiwasi au kukosa usingizi kunakoambatana nao, na msaada huo ni halali. Lakini dawa za kutuliza, kwa mfano diazepamu, hujenga utegemezi zikitumiwa kwa muda mrefu. Zisinunuliwe dukani bila cheti cha daktari.

Maswali ya kumuuliza mtoa huduma

Mtumiaji wa huduma ana haki ya kupewa maelezo. Kuuliza si utovu wa adabu. Chukua maswali haya uende nayo:

- Umefikia hitimisho hili kwa uchunguzi na vipimo gani?
- Je, kifafa na maradhi mengine ya mwili yameangaliwa?
- Dawa hii inatibu nini hasa, na nitaitumia hadi lini?
- Tiba ya mazungumzo inapatikana hapa? Kama haipo, nitapata rufaa kwenda wapi?
- Gharama zote ni kiasi gani, na bima yangu inalipia zipi?
- Tutajuaje kwamba ninapata nafuu, na nifanye nini hali ikizidi?

Tahadhari: ishara za huduma isiyo salama

Dalili za mtengano wa fahamu hutisha, na hofu ya familia ni soko. Iwe ni mganga, kiongozi wa maombezi, muuza dawa au hata anayejiita mwanasaikolojia, jihadhari na mtu ambaye:

- anaahidi uponyaji wa uhakika kwa siku moja, tena kwa malipo ya kabla;
- anamtaka mgonjwa aache dawa za hospitali;
- anampiga, anamfunga minyororo, anamnyima chakula au anamchoma mgonjwa kwa madai ya kumtoa pepo;
- anataka kubaki peke yake na binti au mwanamke, au anadai tendo la ndoa ni sehemu ya tiba;
- anamtaja ndugu au jirani kuwa mchawi aliyesababisha ugonjwa;
- anamshinikiza mgonjwa akumbuke dhuluma ambayo mwenyewe hana kumbukumbu nayo;
- anaongeza ada kila ziara bila kutoa stakabadhi wala maelezo.

Nchini Tanzania, Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 inamtaka mtoa huduma hiyo awe amesajiliwa na Baraza lake. Omba kuona cheti. Hata hivyo, cheti hakimpi mtu yeyote ruhusa ya kupiga, kufunga wala kudhalilisha. Hayo ni makosa ya jinai, na yaripotiwe polisi. Katika vituo vyenye Dawati la Jinsia na Watoto, mlalamikaji anaweza kusikilizwa kwa faragha. Kwa mtoto aliye hatarini, namba ya simu ya huduma kwa mtoto ni 116, inayopigwa bila malipo. Tunza stakabadhi, vifungashio vya dawa na tarehe za kila ziara, kwani malalamiko yenye ushahidi hushughulikiwa kwa urahisi zaidi.

Wajibu wa familia

Familia ndiyo inayomwona mgonjwa kabla ya daktari na baada yake. Andikeni katika daftari tarehe, saa na mazingira ya kila tukio: alikuwa wapi, na nani, alikula nini, alilala kiasi gani, na tukio lilichukua dakika ngapi. Daftari hilo linaweza kumsaidia daktari kuliko maelezo marefu ya mdomo.

Epukeni maneno "anajifanya" na "anadeka". Mgonjwa anayeambiwa hivyo hujifunza kuficha, na wahenga walisema kuwa mficha maradhi kifo humuumbua. Wakati huohuo, msimfanye mlemavu. Apewe kazi ndogo anazoziweza, arudi shuleni au kazini mapema kadiri mtaalamu anavyoshauri, na apate usingizi wa kutosha. Ikiwa chanzo cha hofu yake kimo ndani ya nyumba, hakuna tiba itakayomfaa hadi hatari hiyo iondolewe. Afisa ustawi wa jamii anaweza kusaidia katika hilo.

Mgonjwa akisema kwamba anataka kufa, au akianza kujikata na kujiumiza, asiachwe peke yake. Ondoeni sumu, dawa na vitu vyenye ncha karibu naye, na apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Kumuuliza mtu waziwazi kama anafikiria kujiua hakumtii wazo hilo kichwani. Humfungulia mlango wa kusema.

Kwa muhtasari, mwenye dalili za mtengano wa fahamu apimwe kwanza maradhi ya mwili, achunguzwe kiwewe, wasiwasi na sonona, apatiwe tiba ya mazungumzo, na alindwe dhidi ya yeyote anayetaka kumuumiza au kumfilisi. Dawa za kifafa zisiachwe bila daktari, na swali lisilojibiwa katika ziara ya kwanza liulizwe tena katika ziara ya pili.